Mgonjwa wa Parkinson anasoma herufi zote ubaoni, halafu anasema haoni. Tatizo ni retina au ubongo?

#1 Kiona_Mbali
Wakuu, salaam. Kuna malalamiko yanajirudia kwa wagonjwa wa Parkinson: akipimwa kwa ubao wa herufi anafika 6/6, anaambiwa macho yako mazima, nenda. Lakini maandishi yana ukungu, ngazi ya mwisho haitofautiani na sakafu, rangi zimepauka, na akisoma mistari inachanganyika.
Hoja yangu ni kwamba hiyo ni retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Retina ina dopamini yake yenyewe, ile kemikali ya kupitisha ishara kati ya seli za neva, na ugonjwa huu kazi yake ni kumaliza dopamini. Anayepinga aje na sababu.

#2 Seli_Amakrini
Sipingi, ila nakupa nusu tu ya alama.
Dopamini ya retina inatoka kwa aina moja ya seli za amakrini, seli za kati zinazounganisha nyingine ndani ya retina. Ni chache sana, lakini matawi yake yametandaa mbali, na zimekaa mpakani kati ya tabaka la ndani la viini na tabaka la maungio lililo chini yake. Mwanga ukiingia zinamwaga dopamini. Dopamini hiyo inafunga milango ya umeme inayounganisha seli za mlalo zenyewe kwa zenyewe, na pia ile ya amakrini zinazopokea ishara za seli za fito (za kuonea gizani). Matokeo yake njia ya usiku inawekwa pembeni, njia ya mchana inashika usukani, na kingo za vitu zinakolea.
Dopamini ikipungua, jicho linafanya kazi mchana kweupe kana kwamba ni magharibi. Herufi nyeusi tii kwenye ubao mweupe utaisoma, maana tofauti yake ni kubwa. Ngazi ya kijivu juu ya sakafu ya kijivu huioni.
Ushahidi ni wa zamani: mwaka 1978 Bodis-Wollner na Yahr walionyesha kwamba ishara ya kuona inachelewa kufika gamba la ubongo kwa wagonjwa hawa. Mwaka 1990 Harnois na Di Paolo wakapima retina za marehemu: dopamini ilikuwa imeshuka, isipokuwa kwa waliopewa levodopa, dawa inayogeuka dopamini mwilini, karibu na kufariki.

#3 MpimaMacho_77
Mkuu #1, kabla hujafika retina pita kwanza mlangoni. Jicho kavu.
Mtu mzima aliyetulia anapepesa kama mara 15 hadi 20 kwa dakika. Mgonjwa wa Parkinson anaweza kushuka chini ya nusu ya hapo, na akisoma au akiangalia skrini anashuka zaidi. Utando wa machozi unapasuka kabla kope halijarudi kuusambaza, na picha inavurugika juu ya konea, kioo cha mbele cha jicho, hata haijafika kwenye lenzi.
Jaribio halihitaji mashine. Mwambie asome, akisema ukungu umeingia mwambie apepese kwa nguvu mara tatu. Herufi zikisafika kwa sekunde chache kisha ukungu ukarudi, hiyo ni shida ya uso wa jicho. Mwenye rangi ya fluoresini na taa ya bluu apime muda wa utando kupasuka: chini ya sekunde 10 ni mfupi.
Tiba: machozi bandia. Kama yatatumika zaidi ya mara nne kwa siku, chagua yasiyo na kihifadhi, maana kihifadhi chenyewe kinachubua konea. Usiku jeli nzito. Kope zenye mafuta na magamba, kitambaa cha uvuguvugu dakika 5 hadi 10, kisha safisha kingo za kope. Magamba ni ya kawaida kwao kwa sababu ngozi yao hutoa mafuta mengi.
Mikono inatetemeka? Asihangaike kulenga jicho lililo wazi. Alale chali, afumbe macho, tone lidondokee kwenye pembe ya jicho upande wa pua, kisha afumbue. Linaingia lenyewe.

#4 Chumvi_Kidogo
Yaani tumeanza na milango ya umeme ya amakrini, bandiko moja tu tupo kwenye kitambaa cha uvuguvugu. Uzi umeshuka ngazi bila kuziona.

#5 MpimaMacho_77
#4 cheka tu. Kitambaa kinarudisha watu kwenye kusoma kuliko mjadala wa amakrini.

#6 Fahamu_na_Misuli
Mmeruka jambo: kuona vitu viwili-viwili. Mgonjwa mara nyingi hasemi "naona viwili", anasema "naona ukungu" au "mistari inapandana". Mzibe jicho moja. Uwili ukiondoka, macho hayaelekei mahali pamoja. Ukibaki hata kwa jicho moja, tafuta kwenye jicho lenyewe: mtoto wa jicho, ukavu, konea isiyo sawa.
Kwa Parkinson kinachoongoza ni macho kushindwa kukutana karibu. Shika kalamu sentimita 40 mbele ya pua, isogeze taratibu. Macho yote mawili yanatakiwa yashikilie hadi chini ya sentimita 10. Moja likikimbilia nje kwenye 15 au 20, umepata jibu la kwa nini hasomi gazeti. Rudia mara kadhaa maana mara ya kwanza anajikaza, ya tatu ndiyo inasema kweli.
Dawa ya hapo ni prizimu, lenzi inayopindisha mwanga, kitako kikielekea puani, kwenye miwani ya kusomea peke yake. Ukiziweka kwenye miwani ya mbali unamletea uwili ambao hakuwa nao. Na upime mara mbili, dawa ikiwa imeshika na dawa ikiwa imeisha, kwa sababu uwezo huu unapanda na kushuka pamoja na levodopa. Prizimu uliyopima saa ya dawa kuisha itamzidi saa mbili baadaye.

#7 Kiona_Mbali
Asanteni, ila hiyo ni misuli na machozi, mimi nilisema retina. Mbona picha za OCT, zile zinazopima matabaka ya retina kwa mwanga, zinaonyesha retina imekonda? Inzelberg na wenzake waliliona hilo tangu 2004 kwenye tabaka la nyuzi za neva. Na 2023 Waingereza wamethibitisha kwamba jicho linaonyesha Parkinson miaka 7 kabla ya mtu kugunduliwa. Hapo mtasemaje?

#8 Tabaka_kwa_Tabaka
Hapo umevuka mpaka, mkuu. Kazi ya 2023 ilitoka kwenye jarida la Neurology na ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilitumia picha za hospitali za macho Uingereza: wagonjwa 700 wenye Parkinson. Tabaka la seli za ganglioni (zinazopeleka ishara ubongoni) likiunganishwa na la maungio lilikuwa jembamba kwa kama mikroni 2, na tabaka la ndani la viini kwa karibu mikroni 1. Ya pili ilitumia watu wa UK Biobank, hifadhidata kubwa ya afya ya Uingereza, zaidi ya 50,000, na waliokuja kuugua baadaye walikuwa 53. Wastani wa muda kati ya picha na utambuzi ndio huo wa miaka 7 hivi.
Sasa pima mwenyewe. Tabaka hilo kwa mtu mzima lina kama mikroni 80, na watu wazima wenye afya wanatofautiana kwa zaidi ya mikroni 10 bila kuugua chochote. Mikroni 2 inaonekana ukilinganisha makundi makubwa. Kwa mtu mmoja aliyekaa mbele yako haisemi kitu. Anayechukua OCT ya mgonjwa na kumtangazia Parkinson anapiga ramli.
Vitu vinavyoharibu kipimo chenyewe:
Kichwa kinatetemeka, mstari wa picha unakatika. Angalia mishipa ya damu: ikivunjika kama ngazi, rudia.
Ishara hafifu kwa sababu ya jicho kavu au mtoto wa jicho. Mashine inasoma tabaka kuwa jembamba kuliko lilivyo. Weka machozi bandia, mwache apepese, piga tena.
Programu inachora mpaka wa tabaka mahali pasipo. Fungua picha moja moja uangalie mistari kwa macho yako, usiamini ramani ya rangi tu.
Myopia kubwa (kutoona mbali), jicho refu, tabaka linakonda lenyewe. Hifadhidata ya kulinganishia haina watu wa namna hiyo wa kutosha, kwa hiyo ramani inawaka nyekundu bure.
Na usilinganishe namba za Cirrus na za Spectralis. Kila mashine inakata tabaka kwa namna yake.

#9 Presha_ya_Jicho
Ongeza glakoma hapo, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, mara nyingi kwa presha ya jicho. Inakondesha matabaka yaleyale, na wazee wa Parkinson wengine wanayo. Ukondefu wa juu na chini wenye shimo kubwa kwenye kichwa cha neva, fikiria glakoma kwanza hadi kipimo cha uwanja wa kuona kikukatalie. Kipimo hicho nacho kina mtego: mgonjwa anachelewa kubonyeza kitufe kwa sababu mkono ni mzito, mashine inaandika kwamba haoni. Mpumzishe katikati, tumia programu fupi, na usome namba za makosa kabla ya ramani.

#10 Seli_Amakrini
Sasa #7 nakurudia. Ukondefu huo unaivunja hoja yako badala ya kuijenga. Seli za dopamini za retina ni chache mno, zikifa zote tabaka halipungui kwa kiasi cha mashine kuona. Kinachokonda ni seli za ganglioni, na hizo hazitumii dopamini kupeleka ujumbe, zinatumia glutamati. Kwa nini zife?

#11 Kiona_Mbali
Kwa sababu zinanyimwa lishe ya dopamini miaka mingi. Seli isiyopata ishara inasinyaa.

#12 Protini_Iliyokunjika
Au kwa sababu zina ugonjwa wenyewe. Alfa-sinukleini, protini ileile inayojikunja na kurundikana kwenye ubongo, imekutwa kwenye retina za marehemu wa Parkinson, ikiwa na fosfati kwenye serini ya 129, alama ileile ya miili ya Lewy, yaani marundo ya protini hiyo ndani ya seli za ubongo. Ipo ndani ya seli za ganglioni na kwenye nyuzi zake. Kwa mtazamo huu retina haiathiriki kwa kunyimwa dopamini. Inaugua sambamba na ubongo, maana kwa asili yake ni kipande cha ubongo.
Tena zipo ganglioni za pekee zenye melanopsini, zinazohisi mwanga zenyewe na kuendesha saa ya mwili na mboni. Kwa marehemu wa Parkinson zimekutwa pungufu. Mboni yenye mwitikio mzito na usingizi uliovurugika vinaweza kuwa na mzizi mmoja hapo.

#13 Nyuma_ya_Kichwa
Mnachimba mbele, shimo lipo nyuma. Gamba la kisogoni kwa Parkinson linatumia glukosi pungufu, hasa kwa wanaoelekea kwenye shida ya kumbukumbu. Neva ikipoteza kituo chake cha mwisho, uharibifu unaweza kurudi kinyumenyume hadi kwenye retina. Hilo linajulikana kwa watu waliopata kiharusi cha kisogoni: miezi kadhaa baadaye ganglioni zao zinakonda. Kwa hiyo huenda retina ni jeruhi tu.
Na jipimeni na hili: kikundi cha London kimetumia picha za paka na mbwa zilizopindishwa. Mgonjwa anaona kila herufi lakini anashindwa kujua mnyama yupi akipindishwa kidogo. Retina haijui paka ni nini. Hiyo ni kazi ya ubongo.

#14 Chumvi_Kidogo
Nani ana hakika kwamba walipimwa wagonjwa na si paka?

#15 Rangi_Saba
Jamani, rangi mmeiacha. Kaeni na kitabu cha Ishihara, kile cha namba za madoa ya rangi, dakika tano mnajua kama rangi zimeathirika.

#16 MpimaMacho_77
#15 hapana. Ishihara inapima nyekundu na kijani, kimetengenezwa kwa upungufu wa kuzaliwa. Parkinson inaelekea kuharibu zaidi mhimili wa bluu na manjano. Tumia vipimo vya kupanga rangi: D-15, au Farnsworth-Munsell 100 ukiwa na muda na mgonjwa mwenye subira. Vyote viwili vinataka mkono wa kupanga vikopo vidogo, kwa hiyo anayetetemeka aelekeze kwa kidole na wewe upange. Taa ifanane na mwanga wa mchana, kila jicho peke yake. Na lenzi ya uzeeni ina umanjano unaokula bluu, kwa hiyo bila kuandika hali ya mtoto wa jicho matokeo yako hayana maana.
Kwa ukungu usioelezeka ningeanza na ubao wa Pelli-Robson. Herufi zote zina ukubwa mmoja ila zinafifia tatu tatu, kila kundi likipungua kwa 0.15 ya logi. Mita moja kutoka ubaoni, taa isawazike ubao mzima. Unamwacha akae kwenye herufi za mwisho hata sekunde 20, mara nyingi zinajitokeza kidogo kidogo. Unaandika kundi la mwisho alilopata angalau mbili kati ya tatu. Chini ya 1.5 ana tatizo ambalo ubao wa 6/6 hauwezi kulitaja.

#17 Dawa_na_Kipimo
Hakuna aliyegusa dawa, na ndiyo ya kwanza kuangalia ukungu ukianza ghafla.
Triheksifenidili, ile ya kutuliza mtetemo: inapanua mboni na kulegeza msuli wa kuvutia karibu. Mgonjwa anasoma mbali safi, karibu hapana. Anabadilishiwa miwani mara tatu bure. Kwa mwenye pembe nyembamba ya jicho inaweza kuziba mkondo wa maji ya jicho: jicho linauma, jekundu, taa zina duara za rangi, anatapika. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.
Amantadini: mara chache inavimbisha konea. Ukungu wa macho yote mawili, asubuhi ukiwa mzito, na kwenye taa ya mpasuo konea imenenepa bila sababu. Ikigundulika mapema na dawa ikaachwa kwa kupunguzwa, kwa kawaida inarudi. Ikichelewa, seli za nyuma ya konea zinapotea na hazizaliwi upya.
Na msisahau kichefuchefu. Metoklopramidi haifai hapa, inazuia dopamini ubongoni.

#18 Mauzauza
Nianze pale alipoishia #13. Wagonjwa wanaona mauzauza na hawasemi, wanaogopa kuitwa vichaa. Usiulize "unaona vitu visivyokuwepo?" Uliza: "Kuna kitu kinapita pembeni ya jicho halafu ukigeuka hakipo? Unahisi kuna mtu nyuma yako? Nguo iliyotundikwa inageuka sura ya mtu?" Hizo ndizo ndogo, zinatangulia.
Kabla ya kugusa dawa za Parkinson tafuta maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji, dawa mpya, mtoto wa jicho, chumba chenye giza. Jicho hafifu linaacha nafasi na ubongo unaijaza. Ikibidi kupunguza, ondoka kwanza kwenye za kundi la triheksifenidili, kisha amantadini, kisha zinazoiga dopamini. Levodopa ni ya mwisho. Haloperidoli, dawa ya kutuliza mauzauza, usithubutu, inamgandisha. Klozapini inafaa lakini inataka hesabu ya chembe nyeupe za damu kila mara. Marekani iliidhinisha pimavanserini mwaka 2016 kwa kazi hii.

#19 Chumvi_Kidogo
Uzi wa retina, sasa tuna mkojo.

#20 Fahamu_na_Misuli
#19 mkojo unakuja tena sasa hivi, subiri. Mgonjwa anayekwenda kutolewa mtoto wa jicho aulizwe kama ametumia tamsulosini kwa ajili ya tezi dume, hata kama aliiacha zamani. Inalegeza iris katikati ya upasuaji. Levodopa anywe kama kawaida siku hiyo, kwa saa zilezile. Kuiruka ndiko kunaleta ukakamavu mezani. Mtetemo ukiwa mkubwa kichwani watu hukimbilia nusukaputi, ila wengi hupita kwa ganzi ya jicho wakipangwa saa ambayo dawa imeshika.
Na kabla hamjasema "ni Parkinson tu": akishindwa kushusha macho chini lakini ukikiinamisha na kukiinua kichwa macho yanashuka, na anaanguka nyuma mwaka wa kwanza, hiyo si Parkinson ya kawaida. Ni PSP, ule ugonjwa wa ubongo unaofanana na Parkinson ambao Steele, Richardson na Olszewski waliueleza mwaka 1964. Kwa huyo miwani ya kusomea ya kutazama chini haisaidii, inua kitabu usawa wa macho.

#21 Hatua_Moja
Naongeza mambo ya sakafuni. Miwani ya kuona mbali na karibu kwenye kioo kimoja haifai kwa anayeanguka. Sehemu ya chini ni ya kusomea, naye anaitumia kuangalia miguu, ngazi inapanda na kuja karibu. Atenganishe: jozi ya kutembelea, jozi ya kusomea. Ukingo wa kila ngazi ubandikwe utepe wa rangi inayopingana na ngazi, upana wa sentimita 5 hivi, kwenye ukingo wenyewe, si nyuma yake. Anayeganda mlangoni, mistari ya kukatiza njia sakafuni, iliyoachana kwa urefu wa hatua yake, mara nyingi inamwanzisha.

#22 Kiona_Mbali
Nimefaidika, ila hamjanijibu. Kama levodopa inarudisha uwezo wa kuona kijivu juu ya kijivu, basi ni dopamini. Kama ni seli zilizokufa, kidonge kisingezirudisha.

#23 Protini_Iliyokunjika
Kinaweza kurudisha sehemu. Vitu viwili vinatokea pamoja: mzunguko uliokosa kemikali, ambao kidonge kinaujaza, na seli zilizopotea ambazo hakizirudishi. Ndiyo maana uboreshaji ni wa nusu kwa wengi.

#24 Nyuma_ya_Kichwa
Na levodopa inafika kila mahali, pamoja na ubongo. Huwezi kumpa mtu kidonge kizima halafu ukasema ni retina iliyoboreka. Rekodi umeme wa retina na umeme wa kisogo saa ileile, kabla na baada ya dozi, ndipo tubishane.

#25 Mishipa_Midogo
Hata hivyo hamjaongea damu. OCT ya mishipa inaonyesha mtandao wa juu wa kapilari umepungua msongamano. Huenda ganglioni zinakufa kwa njaa. Au zilikufa kwanza na mishipa ikajikunja kwa kukosa kazi. Na wengi wa wazee hawa wana kisukari au presha ya damu, kwa hiyo mwenye kipimo kimoja asitangaze.

#26 Seli_Amakrini
#25 kweli, ila mtandao huo unapimwa kwa picha inayotaka jicho litulie sekunde kadhaa. Jicho linalorukaruka linafuta kapilari kwenye picha. Tuondoe kwanza kasoro hiyo.

#27 Kiona_Mbali
Swali la mwisho kwa leo: ukimpeleka mgonjwa kupimwa yote haya, aende dawa ikiwa imeshika au imeisha?

#28 MpimaMacho_77
Aende na karatasi yenye saa ya dozi ya mwisho na orodha ya dawa zote, hata matone. Miwani, OCT na uwanja wa kuona vipimwe dawa ikiwa imeshika, atulie. Kukutana kwa macho na Pelli-Robson mara mbili, saa iandikwe kando ya kila namba. Machozi yapimwe kabla ya tone lolote la kupanua mboni. Na pembe ya jicho iangaliwe kabla ya kupanua, hasa kama anatumia triheksifenidili ya #17.

#29 Dawa_na_Kipimo
Naunga mkono. Ila hospitali zitakupa nafasi mbili siku moja?

#30 MpimaMacho_77
Omba ya asubuhi kabla ya dozi ya pili. Anafika dawa ya alfajiri ikiwa inaisha, unapima, anakunywa, anasubiri dakika 45 hadi saa moja, unapima tena. Asinywe na chakula chenye protini nyingi, itachelewa kushika.

#31 Nyuma_ya_Kichwa
Na akisubiri, mwonyeshe wale paka.

#32 Chumvi_Kidogo
Waliopindishwa.